Ratiba ya Tanga nimepewa mimi

Jumapili usiku

Mimi! Niliyeishia kidato cha pili.

Kwenye grupu letu la darasa la saba wote walitaka siku ya kukutana Tanga tuanze na mapango ya Amboni, ufukweni twende saa kumi. Nikauliza, "Na sisi wenye watoto? Saa kumi maji yatakuwa yamejaa."

Juma akanicheka. "Mtu wa bara, wa Bigwa, unajua nini habari za bahari?"

Nikamwambia nimemuuliza jirani yangu, mwenyeji wa Tanga. Siku hiyo asubuhi ndiyo maji yanakupwa, watoto watacheza mchangani bila hofu.

Mwenyekiti wa grupu akaandika, "Basi panga wewe, Mama Nuru."

Baba Nuru bado sijamwomba ruhusa ya kwenda. Akikataa...

Lakini ratiba nimeshaituma. Hadi waliosoma chuo wamejibu, "Sawa, mama."