Benchi la Getini

Shikamoo, Mama Neema.

Marahaba sitaisikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na sianzi leo. Nakuandikia kwa sababu nimemkosesha mwanao kazi. Nataka uyapate kwangu kabla hujayapata kwa ndugu zako wa Buhongwa, maana wakija kaburini kupalilia huwa wana mengi ya kusema.

Kosa nililianzia msibani kwako. Nilipewa kipaza sauti nitoe salamu za kazini, mimi Kabula wako, uliyenifundisha kazi ya utumishi pale kiwanda cha samaki kwa miaka tisa. Karatasi yangu ilikuwa fupi na nzuri. Basi nikamwona Neema amekaa mkekani na kanga yako begani, machozi yakanijaa, karatasi nikaiacha, nikasema mbele ya umati: "Neema ni mwanangu sasa. Maadamu mimi nipo kiwandani, hatakosa pa kushika." Watu wakaitikia amina. Mdogo wako akaja kunishika mikono yote miwili. Yaani nilitoa ajira msibani, mama. Bila tangazo, bila usaili.

Miezi minne baadaye ikatangazwa nafasi ya karani wa masijala, wa kutunza mafaili ya wafanyakazi. Neema akaomba. Cheti anacho, hilo sikatai. Jumapili akaja kwangu Mkolani, nikamkaangia sato, tukala, na tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwambia swali moja la usaili. Sikusema ni swali, mjanja mimi! Nilisema, "Ningekuwa wewe ningejiandaa, mfanyakazi akija kutaka kuona faili la mwenzake utamwambia nini." Nikampa na jibu, lile lako: faili la mtu ni chumba chake cha kulala, hata mumewe abishe hodi kwanza.

Siku ya usaili, mimi nikiwa mmoja wa kamati, nilitakiwa kutoka chumbani. Wewe ukiona anaingia mtu unayemfahamu, hata awe jirani wa jirani, ulikuwa unavua miwani, unasema, "Huyu namjua, endeleeni," unakwenda kukaa kwenye benchi la getini na mlinzi, Mzee Masanja, mbele ya kila anayepita. Wengine walikucheka. Mimi mwenyewe siku ya usaili wangu, kwa kuwa uliimba kwaya moja na mama yangu, nilidhani nimeshapata. Nikakuona unanyanyuka. Mtu pekee ninayemjua chumba kizima ndiye huyo anaondoka! Nilikuchukia mpaka jioni, na kazi nilikuwa nimeipata.

Mimi sikutoka. Nilijiambia nitakaa nihakikishe haki inatendeka. Haki gani, Kabula?

Kabla ya Neema aliingia binti wa Nansio, amevuka na kivuko jana yake, viatu vya kuazima vinamwacha kisigino. Swali la faili lilimtoa jasho. Akafikiri, akasema, "Ningemkatalia, halafu ningemuuliza mkubwa wangu kama nimekosea." Nikampa alama za katikati. Akaja Neema, akajibu bila kumeza mate: "Faili la mtu ni chumba chake cha kulala." Bwana Charles wa uzalishaji akaacha kuandika, akanitazama. Maneno hayo nayarudia kwenye kila mafunzo ya wafanyakazi wapya, hakuna asiyeyajua. Neema naye akayaona macho yake, akainamisha kichwa. Mtoto aliona aibu kabla yangu. Mimi nilikuwa nimeshamwandikia alama zote.

Nilikwenda kwa meneja kabla alama hazijajumlishwa. Nikamweleza, pamoja na sato. Alitaka kumfuta Neema kabisa. Nikamwambia hapana, aliyevujisha ni mimi, mtoto aliletewa tu. Maswali yakabadilishwa, wote wakaitwa upya, mimi nikatolewa kwenye kamati. Nikapewa na barua ya onyo. Niliigonga muhuri na kuiweka kwenye faili langu kwa mkono wangu mwenyewe, maana karani wa masijala tulikuwa bado hatujampata. Hapo ungecheka, nakujua.

Binti wa Nansio ndiye aliyepata. Neema alikuwa wa pili. Alipita mbele yangu getini bila kunisalimu, na sikumlaumu. Mdogo wako alinipigia simu akasema, "Ulikula wali wetu wa msiba, ukatudanganya." Nililia, mama, tena kazini, kule stoo ya vifaa, nimejifungia.

Nina hasira na wewe pia kidogo. Umeondoka mapema mno. Ulikuwa ukinisema, "Sheria zinabadilika, watu wanabadilika, wewe umekaa tu kama kabati," ukinisukuma kwenye mafunzo, nami naitikia ndiyo mama. Mwaka huu huu nilipelekwa semina ya maadili. Siku ya mada ya upendeleo kwa ndugu na marafiki nilikaa nyuma nachagua vitenge kwenye simu, nikijua hayo nilishafundishwa na mwenye kazi yake. Kumbe nilikuwa nayajua kwa mdomo.

Sasa kila Jumamosi nakwenda darasani kusoma utumishi upya, mtu mzima, nakaa mstari wa mbele na daftari. Wiki iliyopita Neema alinitumia ujumbe, wa kwanza tangu siku ile: "Hilo darasa linaanza saa ngapi?" Shikamoo hakuweka. Nimemjibu saa tatu asubuhi. Sijui kama atakuja. Fomu ya kujiandikisha nimemchukulia, lakini ataijaza mwenyewe.

Kuna jambo moja nimeliruka. Siku ya usaili wa marudio nilikwenda kukaa kwenye benchi. Mzee Masanja akaniuliza kama alivyozoea kukuuliza wewe: "Leo ni nani wako?" Nikasema, "Mtoto wa Mama Neema." Akasogea, nikakaa. Kutoka pale husikii kitu ila mashine za barafu. Nikaanza kumwombea, midomo inacheza yenyewe: apite, Bwana, apite. Mzee Masanja akanitazama, akasema, "Hata yeye siku yako alikuwa hivyohivyo. Rozari aliimaliza hapa, akaanza upya."

Miaka tisa, mama. Hukuniambia hata siku moja.

Ahadi ya msibani naifuta mbele yako, haikuwa yangu kuitoa. Nakuachia hii: akiingia mtu wangu, awe Neema au mtoto wa tumbo langu, nitasema namjua, nitatoka. Na nikifika getini nitaanza rozari.

Pumzika, Mama Neema. Mlango wa chumba cha usaili nitakuwa naufunga mwenyewe, kwa nje.

Mwanao wa kazini,
Kabula