Watu Ishirini wa Daktari wa Malale

Jumatatu, 6 Machi 1911
Nimefungua duka. Chumvi imelowa tena. Kahawa ya Nyaishozi imefika, magunia manne. Nimeyachoma bambo, chuma changu cha kuchotea kahawa gunia likiwa limefungwa, juu, katikati, chini. Juu kahawa safi, chini mawe. Mwenye mzigo kanuna. Anune. Kutoka Murongo hapa mpaka Pangani kwa babu zangu hakuna jicho kama langu.

Daktari wa Kijerumani kapiga hema karibu na mto. Anatafuta malale, ugonjwa wa kusinzia mpaka kufa. Anataka watu ishirini, wowote, awapime shingo na damu. Akiuona ugonjwa atakaa na kuchoma sindano. Asipouona, Jumamosi anavuka mto na sindano zake. Kazi ya kuwaita nimepewa mimi, kwa sababu nimesoma. Miezi mitano Bukoba, na mwalimu mwenyewe alikuwa akiniuliza mimi.

Jumanne, 7 Machi
Watu nimewapata. Wapiga kasia, wabeba mizigo, mmoja wao nilishika naye nyati, mimi pembe, yeye mkia. Mgeni huku hukatiwa mkungu bora wa kibanjani, shamba la migomba, haletewi ndizi iliyovia. Nimefanya hivyo hivyo. Wameoga, wamejipaka samli, wanang'aa. Wazee wamenisifu, maana kambi wanakopelekwa wenye malale wanaiogopa.

Zaituni sikumchagua. Binti wa marehemu dada yangu, ndiye pekee aliyebaki wa damu yangu huku. Amekonda. Asubuhi kaniamkia, "Shikamoo mjomba," akasinzia amesimama, mkono mlangoni. Uchovu wa jembe tu.

Jumatano, 8 Machi
Hakuna mgonjwa hata mmoja. Daktari kaandika: kijiji hakina malale. Kanipa mkono. Vigelegele. Nimewaambia watu alitetemeka aliponiona.

Adhuhuri Kahigi, mume wa Zaituni, kaja mbio. Mkewe kasinzia jikoni, moto umemuunguza kiganja, wala hakuamka. Nimekwenda. Nimemshika nyuma ya shingo. Vinundu vile anavyovitafuta daktari, kama kunde chini ya ngozi.
Naogopa.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemuuzia daktari gunia la mawe. Mimi, mwenye bambo.

Nimelizunguka hema mara tatu, ya nne nikaingia. Nimesema yote. Mkalimani, mtu wa Tanga, hakutafsiri kwanza. Kanitazama. "Mzee, unajua kuchoma gunia mpaka chini, halafu sisi unatupa mdomo wa gunia?"


Nikaomba Zaituni apimwe. Daktari kakataa. Juzi nilimchagulia wazima, leo namchagulia mgonjwa, yote ni yale yale. Hataki tena mkono wangu. Kesho kila nyumba ilete kitu chake kidogo, vichanganywe kapuni, vitolewe ishirini bila kuangalia. Nyumba itakayotoka ndiyo itapimwa. Ugonjwa ukiwa wa mmoja mmoja, anaondoka. Ukiwa umeenea, anakaa.

Yaani uhai wa mtoto wa dada yangu uko kapuni.

Ijumaa, 10 Machi
Nyumba sitini. Unyoya, mfupa, kipande cha mwanzi. Nyumba ya Zaituni imeweka ushanga mmoja. Wa kuchomoa ni bibi mmoja kipofu. Nikainama kwenye sikio lake: "Bibi, ukigusa ushanga, usiuachie."
Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Ondoka hapa na pumzi yako ya vitunguu. Ulichagua wewe mwenye macho, tukaona."
Wamenicheka. Wacheke.

Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ushanga umebaki kapuni. Nikakaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu nyeupe.

Kisha wakapimwa watu wa nyumba zilizotoka. Nyumba tano zina malale. Daktari akavua kofia, akaniita. Mkalimani akaeleza: hawa hakuna aliyewachagua, kwa hiyo waliobaki kapuni nao wako hivyo hivyo, wengi. Wagonjwa wa huko hajawaona, lakini sasa anajua wapo. Havuki. Kesho kila mtu atapimwa.

Nilitaka kumbusu. Wengine wametema mate mlangoni pa duka langu. Wanasema nimewaletea kambi. Labda. Sijali. Najali kidogo.

Jumamosi, 11 Machi
Zaituni anayo. Kachomwa sindano ya kwanza. Hakulia. Mimi nililia, nikasema ni moshi.

Jumapili, 12 Machi
Nimemsindikiza kambini, nimebeba mkeka wake. Kahigi alibeba sufuria na matoke. Daktari hasemi atapona, hasemi hatapona. Nimemtandikia kivulini. Akasema, "Mjomba, nidanganye kidogo. Ile hadithi yako ya kuvuka mto Kagera mgongoni mwa kiboko."
Nikaanza. Akalala kabla sijafika ng'ambo.
Nimeendelea, taratibu, mpaka nikavuka.