Swali la Kumi na Moja

Davenport, Iowa
Jumapili, 4 Oktoba 1964

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nguruwe wako. Mimi sijambo, ila usingizi haba kwa sababu ya masomo.

Nimefurahi mno kwamba umekubali kuja tarehe 19 nikuangalie mgongo. Utakuwa mgonjwa wangu wa kwanza kwenye kliniki ya chuo chetu cha kairopraktiki, hii kazi yetu ya kunyoosha migongo kwa mikono. Najua unaogopa, kwa hiyo nikueleze. Hakuna atakayekunyonga shingo kama kuku. Kwanza tutakaa tuongee: maumivu yalianza lini, yanakwenda wapi, unalalaje. Kisha nitakutazama ukitembea na kuinama, nitakugonga magoti kwa kinyundo cha mpira, na utapigwa picha ya mifupa. Mwalimu wangu atakagua kila kitu. Huenda siku hiyo nisikunyooshe kabisa. Nikikunyoosha, utasikia kitu kinalia ko. Si mfupa unaovunjika, ni hewa tu ndani ya kiungo. Kesho yake utakuwa na uchovu wa mtu aliyeshinda akipakia majani makavu, halafu basi.

Fomu hii hapa. Ijaze yote, tena kwa ukweli.

Binti yako,
Arlys

Shambani
Alhamisi, 8 Oktoba

Mwanangu Arlys,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mahindi yamekauka vizuri, ila mkanda wa mashine ya kuvunia umekatika siku ambayo haikutakiwa.

Fomu nimejaza. Maswali mengi kuliko niliyoulizwa na babu yako nilipomposa mama yako. Sikupigi simu kwa sababu unamjua jirani yetu Bi. Lundquist: laini ni yetu sote, ikilia kwangu naye ananyanyua. Akijua nakwenda kunyooshwa mgongo, Jumapili kanisa zima litanipa pole.

Usihangaike. Ganzi ya mguu wa kulia imeenea hadi wa kushoto, lakini maumivu yamepungua. Hata kile kiti cha trekta kilichokuwa kinanitesa kimekuwa laini, nakaa kutwa sikisikii. Naona napona kabla hujanigusa.

Baba yako

Davenport
Jumamosi, 10 Oktoba

Baba,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, si kwa mazoea. Nilipopiga simu asubuhi ulisema "hamna neno" ukakata. Bi. Lundquist alikuwa kwenye laini, nilimsikia akipumua.

Kutokihisi kiti si kupona. Umejibu maswali yote, swali la kumi na moja umeliacha wazi: unapata shida kukojoa? Nimemwonyesha mwalimu barua yako. Anasema mgonjwa wa namna hii hatumgusi, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Chini ya uti wa mgongo kuna mishipa ya fahamu inabanwa. Ikichelewa kufunguliwa, miguu hairudi, wala hayo mengine.

Kwa hiyo usije kwangu, Baba. Ndiyo, madaktari wa hospitali wanatuita matapeli, na wewe umewasema vibaya madaktari hao tangu nikiwa mdogo. Nenda tu. Najua ni aibu kumjibu binti yako. Mama angekuwa hai ningemwuliza yeye. Naogopa sana.

Natuma kwa posta ya haraka, ikufikie kesho. Kesho hiyo saa kumi na mbili jioni nitapiga simu niulize swali lenyewe kwa sauti, kila aliye kwenye laini asikie. Ukikata, nitapiga tena.

Arlys wako

Hospitali, wodi ya wanaume
Ijumaa, 16 Oktoba

Mwanangu Arlys,

Natumaini unalala sasa. Hali yangu siwezi kuiita nzuri, lakini nipo.

Uliuliza, nikakata. Ukauliza tena, nikakata tena, nikabaki nimesimama jikoni kama mtoto aliyevunja sahani. Haikupita robo saa gari la Bi. Lundquist likaingia uani, yeye na rola zake za nywele kichwani.

"Harlan, umemjibu mtoto au hujamjibu?"

Nikamwambia hayamhusu.

"Yananihusu. Nimeyasikiliza miaka ishirini. Ingia garini."

Maili arobaini hakunipa nafasi ya kusema. Nilipasuliwa usiku ule ule. Daktari aliuliza nani amenituma. Nikasema binti yangu, anasomea kairopraktiki. Akauliza jina lako linaandikwaje, akaliandika kwenye faili langu.

Sasa nikuambie nilichoficha. Ilikuwa imeanza siku tatu kabla sijajaza fomu yako. Nilikuwa nasimama nyuma ya zizi mpaka miguu inachoka, na mkojo hautoki ila matone. Kalamu ilifika pale kwenye swali, nikakumbuka nilivyokuwa nakubadilisha nepi mama yako akiwa mgonjwa, nikashindwa kuandika. Nilidhani nahifadhi heshima yako. Nilikuwa nahifadhi yangu. Nisamehe.

Mguu wa kushoto bado haunisikilizi, na hakuna anayeniahidi kitu. Walinitia mpira wa mkojo. Kila asubuhi wanautoa, tunangoja, wanaurudisha. Jana niligeuzia uso ukutani ili muuguzi asinione.

Leo saa nne nimekojoa mwenyewe. Kidogo, lakini mwenyewe. Muuguzi alitaka kukimbia kumwita daktari, nikamwomba aniletee kwanza karatasi na kalamu.

Baba yako