Usukani Mwepesi

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Maji, oili, tairi. Yote sawa. Nimetoka Kitui saa kumi na mbili na nusu asubuhi na simiti ya tangi la shule, nimerudi saa kumi jioni. Wiki ya tatu na lori jipya la kanisa. Bado silielewi.

Usukani unazunguka kwa kidole. Kila mtu anasema ni raha. Fundi Maundu ameniambia nimshukuru Mungu, siku hizi kuna pampu ndani ya injini inasukuma magurudumu pamoja na dereva. Pawa, wanaiita. Mimi naanza, pampu inamalizia. Haya. Lakini inamalizia wapi? Nikikata kidogo, yenyewe inakata sana. Tuko wawili kwenye usukani mmoja na sijui mwenzangu anafikiria nini.

Jumatano, 8 Oktoba

Aibu leo. Barabara ya Kibwezi, kavu, nyeupe kwa vumbi. Nikasikia usukani mwepesi, mguu ukaruka wenyewe kwenye breki. Mabomba yakateleza mpaka mbele. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, ambao nilikuwa nawapeleka kuchimba mtaro pamoja, wakapiga mayowe huko nyuma, halafu wakacheka. Mmoja akaita, "Mzee Kimeu, umeona simba?"

Hakukuwa na kitu barabarani.

Nimefikiria sana. Kwenye lori la zamani, miaka ishirini na miwili, usukani ukiwa mwepesi ghafla ulikuwa na maana moja tu: magurudumu ya mbele hayashiki tena. Ni tope, au ni mchanga wa mto umelegea, na wewe unaondoka barabarani. Mikono ilijifunza hivyo. Sasa usukani ni mwepesi kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo mikono inaogopa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kichwa kinajua hakuna hatari. Mikono haimsikilizi mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wiki ijayo ni ya Mutuku, dereva mwenzangu. Tunabadilishana lori, wiki kwa wiki. Yeye ana miaka thelathini na moja, alijifunza kazi kwenye malori makubwa ya barabara ya Mombasa. Anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine uko dirishani. Ananiheshimu. Hilo linaniudhi zaidi.

Nilimuuliza anajuaje barabara ikoje chini. Akaniangalia kama nimeuliza chumvi ina ladha gani. "Si naiona, mzee?"

Kumbe wao huona. Mimi nilikuwa nasikia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sina zamu. Nilienda nyuma ya ofisi ya kanisa, pale lori la zamani limewekwa juu ya mawe bila tairi. Nikapanda, nikakaa. Usukani hauzunguki vizuri, lakini niliushika.

Bi. Rael, katibu wa idara ya maji, akanikuta humo. Nikajifanya natafuta jeki. Hakudanganyika. Aliongea kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali wa wengine. Amesikia habari ya simba. Kama lori jipya linanishinda niseme tu, hakuna aibu, Mutuku atalichukua moja kwa moja na mimi nitapewa kazi ya getini.

Getini! Kufungulia magari ya watu.

Nimemwambia halinishindi. Sijui kama nimesema kweli.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefanya jambo.

Ile pampu inazungushwa na belti yake peke yake. Kuna nati ya kukaza. Spana namba kumi na tatu. Saa ya chakula cha mchana, lori likiwa uwanjani, Mutuku na Maundu wakiwa hotelini, nilifungua boneti nikailegeza. Mzunguko mmoja na nusu. Sikuitoa. Nilitaka tu pampu isisukume kwa nguvu zote, iniachie na mimi kidogo.

Nililizungusha lori uwanjani. Usukani umekuwa mzito kiasi. Mzito wa kupendeza.

Sijaharibu kitu. Hilo nimejiambia mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumanne, 21 Oktoba

Zamu yangu. Kalamba na kurudi. Ah! Leo nimeendesha. Mawe nayasikia, mchanga nausikia. Kuvuka ule mto mkavu wa njia ya Kalamba niliusikia mchanga unalegea upande wa kushoto, nikasogea kulia, tukapita. Sikukanyaga breki bure hata mara moja. Akina mama waliimba njia nzima.

Jioni mke wangu, Mama Ndinda, ameniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia chai ni tamu.

Jumatano, 29 Oktoba

Wiki ya Mutuku. Amekuja kuniambia stelingi, ndivyo anavyouita usukani, inasumbua. Leo nyepesi, kesho nzito, hasa akikata kona polepole. "Wewe uliisikia, mzee?"

Nilikuwa nimfunulie. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini angeenda kwa Maundu, Maundu angemwambia Bi. Rael, na mimi getini. Nikasema labda ni mzigo. Akakubali. Huyu kijana anakubali haraka kila ninachosema.

Nitaikaza. Nikirudishiwa lori Jumatatu nitaikaza.

Jumatatu, 3 Novemba

Sijaikaza. Leo kumekuwa na haraka. Na pia, niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: niliketi, nikaushika usukani, ukanijibu. Sikutaka kuacha kujibiwa.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua imefika. Mabati ya mifereji ya kupeleka maji ya paa kwenye tangi la shule ya Kalamba hayajapelekwa na maji yote yanamwagika chini. Bi. Rael anataka yaende kesho asubuhi. Mimi nina homa, mifupa yote inauma. Mutuku atanishikia zamu.

Nilimwambia aangalie mto. Juu ya belti sikumwambia neno.

Alhamisi, 6 Novemba

Lori limeanguka mtaroni ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekufa. Mutuku amevunjika mkono wa kushoto. Mama mmoja wa mwethya amepasuka paji la uso, ameshonwa. Mabati yamejikunja.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeenda na Maundu kuliangalia. Homa bado lakini sikuweza kukaa.

Alama za tairi zinaonyesha wazi. Alivuka mto vizuri, maji yalifika katikati ya magurudumu. Akapanda ukingo. Pale kuna kona ya kulia. Tairi zinaanza kukata, halafu zinanyooka, zinaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Kama mtu aliyebadilisha mawazo.

Maundu alifungua boneti. Akabonyeza belti kwa kidole gumba, ikabonyea mbali. Akasema imelegea, ikalowa mtoni, ikateleza, pampu ikaacha kusukuma pale pale kwenye kona. Halafu akasema tena, bila kuniangalia, kwamba belti mpya hulegea yenyewe. Hunyooka na kazi. Alipaswa kuikaza kila mwezi, kwa hiyo labda lawama ni yake pia.

Sasa mimi sielewi. Mzunguko mmoja na nusu ni wangu. Je, ulegevu uliobaki ni wa belti? Bila mimi ingeteleza? Bila Mutuku kwenda mbio, angeshika kona? Kwa sababu watu wanasema alikuwa anaenda mbio. Labda kweli alikuwa anaenda mbio. Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshika spana ndani ya mfuko wa koti, kisha nikajiuliza kwa nini nilienda nayo.

Jumamosi, 8 Novemba

Hospitali. Mutuku ana plasta kutoka vidole mpaka kiwiko. Nimempelekea ndizi na maziwa. Mke wake alitoka kutupisha tuongee.

Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja. "Mzee, niambie kweli. Na wewe ulikuwa unasikia hiyo stelingi ikigeuka nzito?"

Nikasema hapana.

Sijui lile neno lilitoka wapi. Lilikuwa tayari mdomoni. Akautazama mkono wake wa kulia, ule mzima, akaufungua na kuufunga. Akasema, "Basi ni mikono yangu. Nilifikiri nimekata kona. Nilikuwa na uhakika nimekata."

Nimemfanya asiamini mikono yake. Mimi ninajua jambo hilo linavyomkalia mtu.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani wameomba kwa ajili ya majeruhi na kwa ajili ya hekima ya kamati, ambayo itakaa Jumatano. Pia wameshukuru kwa ajili ya madereva waangalifu. Watu wakageuka kuniangalia kwa wema. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 11 Novemba

Bi. Rael amekuja mpaka nyumbani. Kamati inataka kumwachisha Mutuku kazi kwa mwendo wa kasi. Mimi dereva mkubwa nitaitwa nitoe maoni. Lori litakuwa langu wiki zote.

Kila nilichokitaka kimeletwa mlangoni, na chai tumekunywa juu yake.

Alipoondoka, Mama Ndinda alikuwa anachambua pojo. Nikamweleza yote, kuanzia simba mpaka ile "hapana" ya hospitali. Hakuacha kuchambua. Mwisho akauliza, "Na yeye Mutuku anafikiri ni nini?" Nikasema anafikiri ni mikono yake. Akaweka ungo chini. "Baba Ndinda, huyo mtu ana mikono miwili tu ya kulishia watoto. Mmoja umevunjika. Huo mwingine unamnyang'anya wa nini?"

Nimekasirika naye sana.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesema.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea yote. Niliitoa spana mfukoni nikaiweka mezani mbele ya kamati, nikasema nililegeza belti tarehe kumi na sita mwezi uliopita, mzunguko mmoja na nusu, kwa sababu sikuwa nasikia barabara. Mwenyekiti hakuelewa. Alifikiri naongea mambo ya masikio. Ilibidi nirudie mara tatu. Mara ya tatu ndiyo iliyouma.

Maundu akasimama kunitetea na ile habari ya belti kunyooka yenyewe. Nikamwambia akae. Inawezekana ni kweli. Lakini mimi sikuilegeza nikijua itanyooka au haitanyooka. Niliilegeza tu, nikanyamaza, nikaulizwa mara mbili, nikadanganya mara mbili.

Uamuzi: Mutuku abaki kazini. Mimi nisiguse usukani wa gari la kanisa. Mpaka lini, hawakusema. Sikuuliza.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeenda hospitali kumwambia mwenyewe. Nilimkuta ameshasikia. Alinigeuzia mgongo, akautazama ukuta. Nilikaa kama nusu saa. Nikaondoka.

Jumatatu, 17 Novemba

Lori limetoka kwa Maundu. Bampa limenyooshwa, belti imekazwa. Mabati mapya yamepatikana. Mvua inanyesha Kalamba na tangi la shule ni kavu. Bi. Rael ametafuta dereva mji mzima, kila mtu ana kazi yake. Mimi nakaa getini, nafungua na kufunga.

Saa tisa Mutuku amekuja na plasta yake imefungwa shingoni kwa leso ya mke wake. Ameongea na Bi. Rael kwa muda mrefu. Niliona akionyesha kwa kidevu upande wangu. Sijui anataka nini. Nilifikiri anataka niondolewe hata pale getini.

Jumanne, 18 Novemba

Bi. Rael ameniambia niende Kalamba na Mutuku, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Kabla ya safari Mutuku alifungua boneti mwenyewe, kwa mkono mmoja. Akaibonyeza belti kwa kidole gumba. Mimi nikiwa nimesimama hapo. Akabonyeza mara ya pili. Akafunga.

Halafu akapanda upande wa usukani. Mimi upande wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye usukani, na kwa sababu ni mwepesi vile, ulitosha. Mguu wake kwenye klachi. Lakini gia iko upande wa mkono uliovunjika. Akasema, "Mzee, nipe ya kwanza."

Nikaiweka. Tukaondoka.

Maili chache za mwanzo zilikuwa mbaya. Alikanyaga klachi nikachelewa, nikawahi kabla hajakanyaga, gia zikalia. Akina mama huko nyuma walishikilia kingo za lori. Sikujua atataka lini, na yeye hakujua nitampa lini. Baada ya mji nikaacha kuitazama miguu yake nikaanza kusikiliza injini. Ikianza kuchoka, mkono wangu tayari uko pale. Akaacha kuita namba.

Mtoni alisimama. Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umebaki, umelowa. "Mimi huu siusikii," akasema. "Wewe je?"

Nikamwambia sina usukani, nitausikiaje. Lakini aendelee polepole. Nilivua viatu, nikaweka nyayo kwenye sakafu, mkono juu ya gia. Katikati gia ilianza kutetemeka kidogo, na sakafu ya upande wangu ikashuka. Nikasema kulia. Akaenda kulia. Hakuniuliza kwa nini.

Kalamba tumefika saa saba. Mabati yamefungwa kabla ya mvua ya jioni, na wanafunzi walisimama kusikiliza maji yakiingia kwenye tangi. Tulirudi vile vile. Uwanjani akazima injini, akashuka, akazunguka mbele ya lori akitembea polepole kwa sababu ya mkono. Nilifikiri anaenda zake. Akasimama dirishani kwangu.

"Bado nina hasira na wewe," akasema. "Kesho ni Kibwezi. Saa kumi na mbili."

Nimeng'arisha viatu. Chai ya asubuhi nitainywa mapema.