Jina la Gideoni aliyezikwa misheni

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili siwezi kulipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa padri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka huu wa 1976 tarafa imenipa kazi ya kuandika kitabu cha koo zake, kitakachosomwa hadharani Saba Saba, basi nikaanza na ukoo wetu wa Kikoti, kwa kuwa babu yangu mzaa baba, Gideoni Kikoti, siku zote ametuambia kwamba alizaliwa Ilula na ndugu zake wote waliisha wakati wa vita vya Mjerumani, nami nikaenda Ilula kuulizia tu, nikaonyeshwa bibi mmoja, Eufrasia, anachambua nyanya, na nilipomtajia jina la babu aliziachia zikabingirika, akanishika mashavu akasema, "Mjukuu wangu! Kaka alichukuliwa upagazi mimi nina miaka tisa. Kumbe yu hai!" nami nikalia naye, nikala kwake, tukapatana aje kumwona siku hiyo ya Saba Saba.

Wakati wa kurudi nikapitia misheni moja kunakili vitabu vya ubatizo na mazishi, na katika mazishi ya Juni 1917 nikakuta: "Gideoni Kikoti, mpagazi, wa Ilula, homa. Ameletwa na mwenzake Nkuba." Nikamsomea babu. Akasukuma kando sahani ya ugali, akasema, "Nkuba ni mimi. Nilitoka Usukuma na mizigo ya askari, nikatoroka. Kipande cha Gideoni, cheti chake cha upagazi, kiliniokoa kwa askari waliokuwa wakinisaka, na baadaye nikaogopa kuliacha jina lake." Nikamweleza kuhusu Bibi Eufrasia. Akasema, "Mwache aje. Nimekuwa Gideoni miaka hamsini na tisa, siku moja zaidi haitanishinda."

Ule mstari sijauingiza kitabuni. Nikisema, namvunja bibi na kumwaibisha babu, na ukoo mzima tutaonekana tunatembea na jina la watu. Nikinyamaza, nakosea?

A.K., Iringa

Pole, Mwalimu. Kulia na bibi si kosa, hukujua. Lakini tangu usome ule mstari unajua, na kuuruka ni uongo, tena uongo wa mtu anayelipwa kufundisha watoto kusoma.

Babu yako simwiti mwizi. Kijana aliyekimbia vita na kipande cha rafiki aliyekufa, nani atamhukumu? Ila alikuwa akiwakimbia askari, na Eufrasia si askari. Atamuuliza habari za mama yao, na mzee atalazimika kutunga. Unaogopa Eufrasia atavunjika? Bibi huyo amengoja karibu miaka sitini na bado anachambua nyanya zake.

Usingoje Saba Saba. Wiki hii mpeleke babu Ilula, na aseme kwa kinywa chake: mimi ni Nkuba, nilimfikisha kaka yako misheni. Wewe kaa kimya, kalamu mfukoni. Bibi akiwafukuza, ondokeni. Akitaka kaburi, mpelekeni. Kitabuni waandike Gideoni na Nkuba, kila mmoja kwa jina lake, na hilo la Kikoti mwombeni yeye ruhusa ya kuendelea nalo. Akikataa, ninyi ni akina Nkuba, na mtaishi.

Fanya hima, mzee wako anakaribia themanini. Ni yeye peke yake anayejua Gideoni alisema nini kabla ya kukata roho, na dada yake hajaambiwa mpaka leo.