Upande wa Mama kwenye Sinia

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu mzito.

Arobaini ya Mama ilikuwa jana. Wageni wameondoka, turubai limekunjwa, yamebaki masufuria ya kuazima ya kurudisha kwa majirani.

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto hapa Bagamoyo. Kabla ya korona, kila masika vitanda vilijaa vichanga wa miezi miwili mitatu wenye mafua, vifua vinawabana, hata kunyonya shida. Korona ilipoingia, wodi ikapwaya. Watu walinawa mikono, watoto walikaa ndani. Nilifurahi, sikufichi.

Kisha mafua yale yakarudi, tena kwa hasira. Safari hii yaliwaangusha hata watoto wa miaka mitatu, waliozaliwa wakati ule wa kukwepana, ambao miili yao haikuwahi kuyajua. Wodi ya watu wazima nayo ikajaa wazee.

Zuwena, binti wa kaka yangu, alikuwa mmoja wa watoto hao. Alilazwa kwangu, akawekewa oksijeni, akapona.

Wakati wa korona nilimtengea Mama sahani yake, ale peke yake. Alivumilia, ila alininunia kwelikweli. Hali ilipotulia akaniambia, "Nirudishie sinia langu, mwanangu. Sahani ya peke yangu ni ya mgonjwa." Akarudi kula na mjukuu wake, akimfinyangia matonge na kumtia mdomoni.

Zuwena aliporudi nyumbani, kamasi zilikuwa bado zinamtoka. Nikasema, "Mama, subiri kidogo apone sawasawa."

Akanicheka. "Korona imenishindwa, leo nimwogope mjukuu wangu kwa mafua?"

Akala naye sinia moja. Wiki ile ile kifua kikamkamata Mama. Walimpima, haikuwa korona. Yalikuwa mafua tu.

Nalichukia hilo neno "tu".

Leo ndiyo mara ya kwanza tumekula sinia moja, wenyewe kwa wenyewe. Upande wa Mama hakukaa mtu. Zuwena akasukuma kipande cha samaki huko, akaniangalia.

"Shangazi, Bibi aliumwa mafua yangu?"

Nikasema hapana. Nilisema upesi mno.

Akaniamini. Akaachama, nikamtia tonge.

Siku akiwa mkubwa akaniuliza tena, nitamjibu nini? Ila kesho, tukitandika mkeka, nitakaa mimi upande ule.