Rehema ameiona ngoma

Jumamosi, Usa River

Mikono inauma, lakini silali kabla sijaandika: leo Rehema, kiziwi ninayekata naye maua shambani, amecheza ngoma!

Siku zote ngoma ikilia yeye huachiwa watoto wa wachezaji awabebe. Leo vijana wa chuo waliunganisha kipaza sauti na kompyuta, wakatundika shuka jeupe ukumbini na kulimulika kwa projekta. Kila nilipopiga ngoma, rangi ziliruka kwenye shuka.

Rehema akatazama, akamrudishia mama mmoja mtoto wake, akaingia kati. Hakukosa pigo hata moja.

“Msukuma, usiache!” wachezaji wakanipigia kelele. “Ukiacha unamzimia taa!”

Sikuacha, mpaka kiganja kikachubuka. Mama yangu kule Shinyanga naye hasikii. Miaka yote nimeamini ngoma yangu haimhusu.